Oska, Geophagus, frontosa au Jack Dempsey: sikilidi gani wakubwa watakaa tangi moja?

Oska wa sentimita tano aliyeko dukani haonyeshi dalili ya kile atakachokuwa. Anafuata kidole chako kwenye kioo, anatikisa mapezi kama anayekujua, na pembeni yake wako oska wengine ishirini wa kimo chake, wote wametulia. Mwaka ukipita, akilishwa vizuri, anaweza kuvuka sentimita 25. Jirani zake kwa wakati huo watakuwa washindani wake au wameshaliwa. Ukitaka kujua nani anapatana na nani, wapime samaki kwa utu uzima wao. Siku ya kununua wote ni wapole.

Sikilidi ni ukoo mkubwa, uleule wa perege na sato, wenye spishi zaidi ya 1,600. Wale wakubwa wanaofugwa kwenye matangi ya vioo hutoka hasa sehemu tatu: mito ya Amerika Kusini, mito na maziwa ya Amerika ya Kati, na maziwa yetu makuu, Tanganyika na Nyasa. Msimamo wangu niuseme mapema. Chagua sehemu moja ubaki nayo, na urefu wa samaki usiutangulize kupita kiasi. Tangulia kuuliza anafanya nini akishapata mwenzi na kutaga mayai. Samaki wa sentimita 30 anayekula na kuogelea zake ni jirani mwema kuliko wa sentimita 12 mwenye mayai chini ya jiwe.

Tangi lenyewe

Kwa samaki hawa urefu na upana wa sakafu una maana kuliko kimo. Ugomvi wa sikilidi ni ugomvi wa ardhi. Tangi refu la kwenda juu linapendeza sebuleni, lakini halimpi mnyonge mahali pa kukimbilia. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 linabeba lita 270, na ni dogo mno kwa karibu kila samaki ninayemtaja hapa. Sentimita 150 kwa 60 kwa 60 ni lita 540, na hapo ndipo mambo yanaanza. Sentimita 180 kwa 60 kwa 60 ni kama lita 650, nami ndilo ninaloliita tangi la jumuiya ya sikilidi wakubwa. Ukijumlisha maji, kioo, mchanga na mawe, linapita kilo 700, kwa hiyo hakikisha sakafu na meza vinaubeba mzigo huo kabla hujafungua bomba.

Filta iwe kubwa kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu samaki hawa hula sana na kuchafua sana. Tangi jipya liache lijenge bakteria wake wa kuvunja amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Baada ya hapo badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kila wiki. Kama ratiba hiyo huiwezi, usianze na samaki wakubwa.

Amerika Kusini: hapa ndipo pa kuanzia

Kwa mtu anayetaka jumuiya ya kweli, yaani samaki wakubwa wa aina kadhaa wanaoonekana mchana kutwa bila kujificha, ningemwelekeza Amerika Kusini, na ndani ya Amerika Kusini ningemwelekeza kwa Geophagus.

Mtazame anavyokula. Anashuka kichwa chini, anachota mchanga mdomo mzima, anatafuna sekunde mbili tatu, kisha mchanga unamwagika nyuma kupitia kwenye matamvua huku chakula kikibaki ndani. Anasogea kidogo, anachota tena. Siku nzima ndiyo kazi yake. Samaki mwenye shughuli ya namna hiyo hana muda mwingi wa ugomvi, na dume mmoja akimtunishia mwenzake mapezi, mara nyingi mambo huishia hapo. Spishi nyingi hukomea sentimita 15 hadi 25. Wanataka kundi la watano hadi wanane. Wakiwa wawili tu, mmoja humwonea mwenzake bila kupumzika. Wanataka mchanga laini pia, na hapo hakuna mjadala: kokoto zenye ncha huwaumiza matamvua, na kokoto kubwa huwanyima ulaji wao. Joto liwe nyuzi 26 hadi 29, na maji yawe laini, yaani yenye madini machache, au ya wastani, pH (kipimo cha asidi na alkali) 6 hadi 7.5.

Mwenzake wa asili ni severum, samaki wa umbo la sahani anayefika sentimita 20 au zaidi kidogo. Yeye hukaa katikati ya maji wakati Geophagus wako chini, kwa hiyo hawagombei sehemu moja. Severum wawili wakiamua kuzaa watalinda kona yao, ila hufukuza kwa vitisho zaidi kuliko kwa meno. Kasoro yake ni mimea: ataila yote. Mpe mboga mara kwa mara, na tangi lipambe kwa magogo badala ya majani.

Uaru naye ni mla majani, anafika sentimita 25 hadi 30, na ni mtulivu kiasi kwamba mtu asiyemjua humdhania mgonjwa. Vifaranga wake hula ute wa ngozi ya wazazi, jambo ambalo ukilishuhudia mara moja hulisahau. Lakini maji machafu hayavumilii hata kidogo, kwa hiyo mtu anayeanza simpendekezei. Hypselecara temporalis, mwenye rangi ya kahawia inayobadilika kufuata hali yake, ni chaguo zuri lililosahaulika: mkubwa, mpole, na hafukui sana.

Sasa oska. Anafika sentimita 30 hadi 35, anapita kilo moja, na anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Je, ni wa jumuiya? Ndiyo, kwa masharti mawili. La kwanza ni mdomo: chochote kinachoingia humo kitaingia. Wala usidhani samaki mwenye miiba atajiokoa. Corydoras, wale kambale wadogo wa kuokota mabaki, wana miiba inayokwama kooni mwa oska, na hapo unaweza kupoteza wote wawili. Sharti la pili ni kwamba huyu ndiye mpangaji wa samani. Magogo atayasogeza, mimea ataing'oa, na hita ya kioo akiichukia ataipiga mpaka ivunjike. Ifunike au itoe nje ya tangi. Kwa tabia, oska si mkatili. Ni mzito, mwenye pupa, na mara nyingi humwaga vurugu wakati wa chakula halafu hutulia. Severum mkubwa na kundi la Geophagus waliokomaa huishi naye vizuri, mradi tangi ni la sentimita 180. Kwenye maji yaliyochoka na lishe ya aina moja, oska ni miongoni mwa wanaopatwa zaidi na mashimo kichwani, na ukiyaona hayo anza kwa kurekebisha maji na chakula kabla ya kukimbilia dawa.

Yuko mmoja anayeuzwa kama Mmarekani Kusini wa kawaida, naye asikudanganye: Andinoacara rivulatus, wa upande wa Pasifiki wa Ecuador na Peru. Ana rangi ya kijani na ukingo wa dhahabu au mweupe kwenye mkia, mzuri ajabu, na tabia yake ni ya Amerika ya Kati kabisa, yaani ya ugomvi. Ukiipenda sura ya ukoo huo, mtafute ndugu yake, Andinoacara pulcher, mwenye sentimita 15 tu na moyo wa upole.

Amerika ya Kati: wazuri, lakini si kwa pamoja

Jack Dempsey alipewa jina la bondia aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926, na aliyempa jina hakukosea. Anafika sentimita 20 hadi 25, mweusi mwenye nukta za buluu zinazometa. Akiwa peke yake ni mwoga kidogo, mpenda kujificha. Akipata mwenzi anageuka mtu mwingine.

Mambo huenda hivi karibu kila mara kwa samaki wa huko. Wawili wanachagua jiwe bapa na kuanza kulisugua kwa midomo. Mchanga unachimbwa mpaka kioo cha chini kionekane. Mayai yanatagwa. Asubuhi yake unakuta nusu ya tangi iko tupu, na samaki wengine wote wamebanana kwenye kona ya juu upande wa filta, migongo inagusa uso wa maji, mapezi yamechanika. Hakuna anayethubutu kushuka kula. Ukiona hivyo usisubiri vifaranga wakue: watoe wazazi au watoe wengine, siku hiyohiyo.

Anayewashangaza wengi ni Amatitlania nigrofasciata, mdogo mwenye milia myeusi, sentimita 12 hivi. Dukani anaonekana mnyonge mbele ya oska. Wakiwa wawili wenye mayai, wanaweza kumbana oska mwenye uzito mara nyingi wa kwao. Tena huzaa mfululizo, kwa hiyo amani haipati nafasi. Watu humnunua kwa sababu ni rahisi kumfuga, na urahisi huo ndio mtego.

Kwa wakubwa zaidi jibu ni fupi. Amphilophus wa maziwa ya Nicaragua, Parachromis managuensis anayeweza kupita sentimita 40, na Parachromis dovii anayekaribia sentimita 70: mmoja, tangi lake, basi. Flawahoni, chotara aliyeanza kuzalishwa Malaysia miaka ya 1990, ni vilevile. Anampenda mwenye nyumba na kumchukia kila kiumbe kingine. Kuna video nyingi za matangi yaliyojaa samaki hawa pamoja, na yanavutia kweli. Zinachoacha kuonyesha ni idadi ya waliotolewa wakiwa wamekufa.

Kwenye eneo hili Thorichthys meeki ndiye ninayemtetea. Ana sentimita 15 hivi, koo jekundu, na akikasirika anafungua vifuniko vya matamvua kama mwavuli, na madoa mawili ya pembeni yanaonekana kama macho ya samaki mkubwa. Aghalabu hayo ndiyo mapigano yote. Usimweke tu na Jack Dempsey, ambaye hajali vitisho vya maonyesho.

Nyasa na Tanganyika: maji mengine, sheria nyingine

Maziwa haya yana maji magumu yenye alkali. Tanganyika pH yake inakaribia 9. Nyasa hucheza karibu na 8. Ndiyo sababu ya kwanza ya kutowachanganya na wa Amerika Kusini. Wako wanaosema samaki wa kuzalishwa matangini huzoea maji yoyote, na wana ukweli wao. Lakini ipo sababu ya pili, ya chakula na mwendo, nayo haizoeleki. Vilevile kumbuka kwamba pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Filta iliyolegea ambayo oska angeivumilia kwa wiki inaweza kumuua frontosa kwa siku.

Frontosa wa Tanganyika ndiye mshindani halisi wa oska kwa anayetaka samaki mmoja wa kutawala macho. Ana milia myeusi juu ya mwili mweupe wenye buluu, nundu kichwani, na dume hupita sentimita 30. Ni wa maji ya kina, mwendo wake wa pole, na ziwani huwinda samaki wadogo wakati wa mwanga hafifu. Fuga dume mmoja na majike kadhaa, kundi la wanane au zaidi. Majike huatamia mayai mdomoni, kwa hiyo hakuna vita vya kulinda jiwe. Jirani wake wawe wapole kama yeye: Altolamprologus waliokomaa, ambao nao ni sikilidi wa Tanganyika, na gogogo, aina ya kambale, wa ziwa hilohilo. Kosa linalorudiwa kila siku ni kumweka na mbuna, sikilidi wa miambani wa Nyasa, kwa sababu wote ni wa Afrika. Mbuna ni wepesi na wakorofi. Chakula kinaisha kabla frontosa hajageuka, na chakula hicho cha nyama kinawadhuru mbuna wenyewe, maana wengi wao ni wala mwani wanaovimba tumbo na kufa wakizidishiwa nyama.

Kutoka Nyasa, waache mbuna na uchukue wale wa mchangani na wa maji ya wazi. Cyrtocara moorii, buluu mwenye paji la uso lililotokeza, hufuata samaki wanaochimba mchanga na kuokota vinavyotibuliwa. Nimbochromis venustus, wa manjano na madoa ya kahawia, anafika sentimita 25. Nduguye Nimbochromis livingstonii ana ujanja wake: hulala ubavu chini, mwili wenye mabaka kama mzoga, akisubiri vidagaa waje kuudonoa. Mara ya kwanza kumwona utadhani amekufa. Hao wawili wa Nimbochromis ni wawindaji, kwa hiyo usiwaweke na wadogo.

Njia inayofanya kazi ni tangi la madume peke yao, kumi na mbili hadi kumi na tano kwenye tangi la sentimita 180, kila mmoja wa rangi na umbo tofauti. Bila majike hakuna cha kupigania, na msongamano unamzuia mmoja asimwandame mwingine siku nzima. Ukichanganya majike wa spishi mbalimbali, wengi wao wa kijivu wanaofanana, utapata machotara usiojua pa kuwapeleka. Ukiona madume wawili wanaofanana rangi, mmoja ameshakuwa na shida hata kama bado hujaiona.

Ana kwa ana

| Samaki | Urefu wa mkubwa | Tangi la chini | Anavyoishi na wengine |
|---|---|---|---|
| Geophagus | sm 15–25 | lita 540 | kundi, mpole |
| Severum | sm 20 na zaidi kidogo | lita 400 | mpole. Mla mimea |
| Oska | sm 30–35 | lita 650 pamoja na wengine | anavumilia. Hula wadogo |
| Jack Dempsey | sm 20–25 | lita 300 | peke yake, au mume na mke bila wengine |
| Frontosa | sm 30 na zaidi | lita 650 | kundi lake. Jirani wachache |
| Madume wa Nyasa | sm 15–25 | lita 650 | wengi, wa rangi tofauti |

Oska au frontosa? Ukitaka samaki anayekujua, anayekuja kioo kikiguswa, ni oska. Ukitaka kundi lenye utaratibu wake, la kutazamwa kwa utulivu jioni, ni frontosa, ambaye pia haharibu mapambo. Maji yako ya bomba yanaweza kukuamulia: yakiwa magumu yenye pH 8, frontosa na Nyasa ni rahisi kwako, yakiwa laini, kuyapandisha kila wiki kwa chumvi za madini ni kazi utakayoichoka.

Geophagus au Nyasa? Kwa rangi Nyasa wanashinda. Kwa amani ya muda mrefu nawapa Geophagus bila kusita, kwa sababu tangi la madume hutegemea mizani inayovurugika kila mmoja anapokufa au kuongezwa.

Wasio sikilidi

Kwa Amerika Kusini, kundi la Metynnis, samaki bapa wa fedha, husaidia sana. Sikilidi waoga wakiona wale wanaogelea wazi juu, nao hutoka. Kambale wanyonya vioo wa ukubwa wa sentimita 20 na kuendelea wanafaa karibu kote, wakipewa pango. Kwa maziwa yetu ni gogogo. Yaliyobaki, hasa samaki wadogo wa makundi yenye rangi, yaache.

Kuwaingiza

Anza na wapole na wadogo wa tabia, wachukue maeneo yao. Mkubwa au mkorofi aingie mwisho, na ikiwezekana mdogo kwa umri. Ukiongeza mtu baadaye, hamisha mawe na magogo siku hiyo ili kila mmoja aanze upya kutafuta kwake, kisha zima taa mpaka kesho. Kundi la Geophagus au frontosa nunua wote kwa pamoja wakiwa wadogo. Mgeni mmoja kuingizwa kwenye kundi lililokwisha kujipanga hupata taabu.

Wiki mbili za mwanzo angalia saa ya kula. Asiyekuja kula, aliyefifia rangi, anayekaa nyuma ya filta mkia ukiwa chini, huyo ameshashindwa, hata kama mwilini hana jeraha. Tangi dogo la akiba, lenye filta inayofanya kazi tayari, liwepo kabla hujanunua samaki wa kwanza. Ukilazimika kuchagua nani atoke, mara nyingi ni afadhali umtoe mwonevu: akirudi baada ya wiki kadhaa, wenzake wameshagawana maeneo na yeye ndiye mgeni.